Barua Arobaini na Moja za Wazima

Habari hii siisimulii mpaka nihakikishe mlango umefungwa, maana Mombasa ni padogo na aibu yangu ina miguu, na hata leo nikipita Kibokoni kuna madirisha mawili matatu ambayo nikiyakaribia navuta mtandio usoni na kuharakisha mwendo kama ninayekimbia mvua. Lakini nyinyi ni wenzangu, basi wacha niseme, na mkitaka kunicheka nichekeni, nimeshazoea.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika kliniki moja ndogo huko Ganjoni (jina lake silitaji, nimeshawaponza vya kutosha). Kazi yangu ni hii: daktari akishamwona mtu huandika maneno yake kwa mwandiko wake, ule mwandiko wao mnaoujua, halafu mimi nayageuza maneno yale kuwa msimbo, yaani herufi moja na tarakimu zake, ili kompyuta ijue huyu alikuja kwa malaria na yule alivunjika mkono. Kila kinachoweza kumpata binadamu kina msimbo wake. Kilichonishangaza nilipoanza kazi ni kuwa hata mtu asiyeumwa ana wake: aliyekuja kupimwa tu, presha, sukari, uzito, akaonekana hana neno, haachwi patupu, huandikwa Z00, maana yake uchunguzi wa afya kwa jumla. Baada ya hapo hiyo Z inaendelea na mambo mengine, Z01, Z02, mpaka tisini na tisa, na humo mna kila kitu, mna uzazi, mna chanjo, mna mtu aliyefiwa. Mimi niliyatafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wangu, nikayaingiza kwenye kompyuta ili ukiandika msimbo maana yake ijitokeze yenyewe kwenye barua ya mgonjwa. Nilijiona fundi kweli kweli. Mkuu wa kliniki alinisifu mbele ya watu, na tangu siku ile nikawa sisikii la mtu.

Basi, kikundi cha akina mama wa Kibokoni, hawa wanaopikia harusi, wakaomba daktari wetu wa kike aje awapime bure kwenye ukumbi wa madrasa. Mwenyekiti wao ni Bi Time, mwanamke mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti lakini hukitumia. Wakaja wanawake arobaini na mmoja, kila mmoja akapewa namba kwa jinsi alivyofika. Na alhamdulillahi, wote wakaonekana wazima. Mmoja presha ilipanda kidogo, akaambiwa apunguze chumvi, akakasirika, basi.

Siku ya pili yake nikakaa kuingiza majina. Nikaandika wa kwanza, Bi Time, msimbo Z00. Waliobaki arobaini wote ni hivyo hivyo, Z00, hakuna hata mmoja wa kufikiria. Sasa, rafiki zangu walikuwa wananingoja ufukweni Mama Ngina, tumekubaliana kwenda kula mihogo na kupunga upepo, na simu inalia kila dakika, "Rukia, uko wapi, twakungoja wewe tu." Nikasema, kuandika kitu kimoja mara arobaini ni kazi ya mtu asiyejua kompyuta. Nikashika kwa kipanya ile pembe ya kisanduku cha msimbo wa Bi Time, nikaiburuta chini mpaka jina la mwisho, sekunde mbili, visanduku vyote vikajaa. Sikuangalia. Narudia, kwa sababu hili ndilo kosa lenyewe, mengine yote ni matokeo yake: sikuangalia. Nikabonyeza barua zichapwe, nikamwachia mhudumu azitie kwenye bahasha kwa namba, nikaenda zangu, na mihogo ile ilikuwa mitamu, pilipili na ndimu, sitawadanganya.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri nikapeleka barua ukumbini. Nilidhani nitazigawa niondoke, kumbe Bi Time amegeuza jambo lile kuwa shughuli: mikeka, chai ya maziwa, mahamri, wanawake wamevaa, na mbele kabisa amekaa Bi Swafiya. Huyu Bi Swafiya ni mjane wa miaka mingi, mtu wa heshima na maneno makali, na mwanawe wa kiume alikuwa amemposa Nasra, mtoto wa khalati yangu, yaani dada wa mama, nikahi imebaki wiki mbili. Siku ile ya kupimwa walikuja pamoja wakapanga foleni pamoja, na Bi Swafiya akimwonyesha kila mtu, "Huyu ndiye mkaza mwanangu," utadhani kanunua friji. Nasra ana miaka ishirini na miwili, mpole, akiulizwa neno huangalia kwanza mikono yake.

Bi Time akachukua bahasha yake akanipa na kipaza sauti. "Nisomee wewe, mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani. Soma kwa nguvu, mimi sina siri."

Nikasoma: "Sababu ya kuonana na daktari: uchunguzi wa afya kwa jumla. Presha sawa, sukari sawa." Vigelegele. Basi wa pili naye akataka asomewe, nikasoma: "Uchunguzi maalumu wa macho, masikio au meno."

Yule mama akanitazama. "Mbona mimi sikupimwa macho?"

Na hapa, jamani, Mungu alinipa nafasi ya kusimama. Lakini wanawake arobaini wananitazama, nami ndiye fundi aliyesifiwa, nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Daktari mzuri hukuangalia macho bila wewe kujua." Akaridhika! Akawaambia na wenzake, "Mwaona elimu!" Nami nikarudisha kipaza sauti na kusema zilizobaki kila mtu achukue yake, asome mwenyewe.

Ukumbi ukaingia mnong'ono. Mmoja akanijia na barua ambayo mahali pa sababu pameachwa patupu, nikamwambia wino umekwisha. Akaja wa pili na patupu, nikamwambia wino ule ule. Halafu bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akauliza kwa sauti, "Hebu nielezeni, mimi hapa nimeandikwa mtoto mchanga aliyezaliwa hai, ndiyo nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku nikirudi nyuma ya boksi la barua.

Ndipo niliposikia sauti ya Bi Swafiya, na haikuwa ya kicheko.

"Lahaula! Nasra!"

Alikuwa amesimama, mkononi ana barua, na si yake, ni ya Nasra. (Alikuwa ameichukua kumsomea, ndivyo mavyaa wengine walivyo, hata nikahi bado.) Bahasha yake mwenyewe, haijafunguliwa, ilikuwa kwapani. Nasra amekaa chini kwenye mkeka na kikombe cha chai, anamtazama kwa chini kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyekosea aya.

"Uangalizi wa mimba," Bi Swafiya akasoma, kila neno peke yake. "Uangalizi. Wa mimba. Nasra binti wa watu, umekuja hapa na mimba, ukakaa nami foleni moja, ukala mkate wangu?"

Hata wale waliokuwa jikoni walitoka.

"Sina mimba, Mama," Nasra akasema. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Imeandikwa na daktari! Daktari aseme uongo? Alikupapasa tumbo au hakukupapasa?"

"Alinipapasa, lakini..."

"Basi! Mwanangu haoi mzigo wa mtu mwingine. Ukumbi huu ni shahidi." Na akatoa simu, mbele yetu sote, akampigia mwanawe. Tulimsikia akimweleza. Hatukusikia alichojibu yule kijana, lakini tuliona Bi Swafiya akimpa Nasra ile simu, na Nasra akaiweka sikioni, akasikiliza, uso ukambadilika, akairudisha.

Nitawaambia ukweli wangu mbaya. Mtoto wa khalati yangu, tuliolala kitanda kimoja utotoni, anavuliwa nguo mbele ya watu, na fikira yangu ya kwanza haikuwa yeye. Ilikuwa: nikifukuzwa kazi nitaanzia wapi. Ya pili ilikuwa kutazama mlango uko umbali gani. Halafu Nasra akageuka akanitafuta kwa macho, akanipata nyuma ya boksi la barua, akasema, "Rukia. N'ambie mimi nimefanya nini."

Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikamnyang'anya Bi Swafiya ile barua (nilimnyang'anya kweli, hakunipa), nikaangalia juu pembeni, pale panapoandikwa namba ya mtu na msimbo kwa herufi ndogo. Namba thelathini na tano. Msimbo Z34. Nikamnyang'anya na mama wa pembeni barua yake: namba kumi na tatu, Z12. Wa nyuma yake: namba thelathini na tisa, Z38, yule bibi mtoto mchanga. Kompyuta haikunakili. Nilipoburuta, ilihesabu! Ilidhani nataka iendelee, sufuri, moja, mbili, tatu, ikamgawia kila mwanamke jambo lake jipya kwa mpango wa foleni, na pale ambapo hakuna msimbo ikaacha pengo, nami nikasema wino.

Nikataka kueleza, lakini maneno yakawa hayatoki kwa mpango, nasema "nimeburuta, nimeburuta," na Bi Swafiya ananiambia, "Wewe ni ndugu yake, lazima umfichie!" Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, hata mimi nisingejiamini. Nikaona hakuna njia ila moja. Nikamwambia, "Bi Swafiya, tafadhali, fungua yako."

"Yangu ina nini? Mimi najijua."

"Fungua tu, Mama. Wewe ni thelathini na sita."

Hakufungua. Bi Time ndiye aliyeichomoa pale kwapani, akaipasua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akakumbuka hana miwani, akampa msichana mmoja, na yule msichana (Mungu amsamehe, aliamriwa) akasoma kwenye kipaza sauti: "Sababu ya kuonana na daktari: uangalizi wa mimba yenye hatari."

Bi Swafiya ana miaka sitini na tatu.

Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akazibwa mdomo, akapasuka tena, na ukumbi mzima ukaangusha kicheko ambacho nadhani kilisikika barabarani. Bi Swafiya akakaa chini pale pale alipokuwa, bila kutafuta kiti, akashika tumbo lake kwa mikono miwili kama anayehakikisha. Nami nikachukua kipaza sauti nikasema yote, tangu mihogo ya Mama Ngina mpaka wino, nikilia, kamasi zikinitoka, na nikaomba kila mtu arudishe barua yake, kwa sababu hapana hata moja ya kweli isipokuwa ya Bi Time.

Nasra hakucheka. Bi Swafiya alijikokota mpaka alipokuwa amekaa Nasra, akafungua mikono, "Mwanangu, nisamehe, ni shetani tu." Nasra akainuka akatikisa gauni lake, akasema kwa adabu ile ile ya siku zote, "Nimekusamehe, Mama. Ila leo usinishike." Akatoka. Baadaye aliniambia kwamba kwenye simu mchumba wake hakumuuliza kama ni kweli; alimuuliza ni ya nani.

Nikahi ilisogezwa miezi mitatu kwa amri ya Nasra mwenyewe, na katika miezi hiyo kijana yule alikwenda kwa khalati yangu mara nyingi kuliko mtu anayetafuta kazi. Mwishowe ilifungwa. Siku ya harusi Bi Swafiya alinishika mkono mbele ya wageni wake akawaambia, "Mwamwona huyu? Ndiye aliyenitia mimba uzeeni." Nikatamani sakafu inimeze, lakini alikuwa anacheka, na mimi nikajua hapo nimesamehewa.

Wengi husikia mpaka hapo wakacheka wakaondoka. Mimi huwa naendelea, kwa sababu aibu yangu kubwa haikuwa ukumbini.

Nilipohesabu barua zilizorudi zilikuwa thelathini na tisa. Namba ishirini na mbili ilikuwa bado ndani ya boksi, mwenyewe hakuja siku ile. Nilipoona msimbo wake na maana yake nilikaa sakafuni. Siitaji mpaka leo, ni hali ile ambayo watu huinong'ona tu na kumtenga mwenyewe. Niliichana vipande vidogo, nikavitia mfukoni na kwenda navyo nyumbani, sikuthubutu hata kuvitupa pale. Hiyo arobaini. Iliyobaki ilikuwa namba tisa, Bi Mwanasiti. Bi Time akasema alimwona akisoma barua yake mapema, akaikunja, akavaa viatu, akaaga vizuri tu, akaenda zake. Hakulalamika. Nikatazama orodha yangu. Z08: ufuatiliaji baada ya matibabu ya saratani.

Sijui nilifikaje kwake, mtaa wa Kuze. Nilipanda ngazi zile za nyumba yake, zimesimama wima kama ukuta, nikabisha hodi huku nahema, akanikaribisha kwa utulivu. Alikuwa amekaa kitandani. Mbele yake kulikuwa na leso tatu zimetandikwa, na juu ya kila leso bangili mbili na nguo zilizokunjwa. Ana mabinti watatu. Sikuhitaji kuuliza.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Nawe umekuja kunipa pole?"

Nikamwambia ile barua ni makosa. Akatikisa kichwa, akanipapasa goti, yaani yeye ndiye ananiliwaza mimi. Akasema, "Si makosa. Mimi nilipasuliwa, miaka ishirini iliyopita, nikatolewa kizazi. Niliambiwa ni uvimbe tu. Marehemu mume wangu ndiye aliyezungumza na madaktari, mimi sikuingia. Leo ndiyo nimejua walichomwambia." Akatazama ukutani, palipotundikwa picha ya mzee wa kofia. "Miaka yote hiyo alikaa nalo peke yake asinitie hofu. Nimemkasirikia, nikamlilia, kisha nikamsamehe, tangu nilipofika hapa kazi yangu ni hiyo."

Barua ya Nasra ilikuwa ya kijinga, na ujinga wake ndio uliomwokoa. Hii ilikuwa imeingia kwenye maisha ya mtu ikakuta nafasi yake tayari, ikakaa. Nikapiga magoti. Nikatoa orodha nzima, nikamwonyesha kwa kidole, Bi Time sufuri, huyu moja, huyu mbili, nane ni wewe, Bi, ilikuwa inahesabu tu. Nikampigia daktari akaongea naye mwenyewe, akamwambia kovu lake aliliona siku ile ya kupimwa, na kwamba kesho aje na vyeti vyake vya zamani wavisome pamoja. (Alikwenda. Ulikuwa uvimbe tu, kama alivyoambiwa.)

Simu ilipokatika alinirudishia. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeyastahili.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "marehemu hakunificha kitu?"

"Hakukuficha kitu, Bi."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mwanamke yule aliyepokea saratani bila kutikisika, akalia mpaka leso moja ikalowa, nami nimekaa chini sijui nimshike au nisimshike. Alipomaliza akanipa kalamu na ile barua, akaigeuza upande wa nyuma ulio mweupe. "Andika," akasema. "Kwa mkono wako, si kwa mashine." Nikaandika jina lake lote, na kwamba alikuja kupimwa tu, na kwamba ni mzima. Akaniambia niisome. Nikaisoma. Akaniambia niisome tena, na safari hii akafumba macho.

Sikufukuzwa kazi, nilihamishwa dirishani kupokea wagonjwa miezi miwili, nikarudi. Na tangu hapo siburuti kitu. Naandika jina, naandika msimbo, naangalia jina tena, moja moja, hata wakiwa wazima mia. Vijana waliokuja kazini juzi wananicheka, wananiambia, "Dada Rukia, si ushike hiyo pembe uburute tu, twende zetu?" Nami nawaambia buruteni nyinyi.